Huyu Mbwa Analishwa na Watu Wangapi?

Maneno ya daktari wa mifugo kwa wenye mbwa waliofika kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, viwanja vya serikali ya mtaa, Dar es Salaam, 28 Septemba

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mlioshika kamba kule nyuma huku mbwa ndio wanaowavuta nyinyi, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa wakati wenzangu wanapanga sindano na kadi. Mnajua kilichotuleta. Tarehe ya leo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyewaongoza wenzake kutengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, na dunia imeifanya siku ya kukumbushana juu ya ugonjwa huo. Habari za kichaa mmezisikia kwangu mwaka jana na mwaka juzi, na kwa kuwa mmefika na mbwa wenu, bila shaka ziliwaingia. Leo nimemwomba mwenyekiti niseme la tumbo.

Nilikuwa pale getini toka saa moja, nawatazama mnavyoingia. Nilipoanza kazi hii, foleni ya chanjo ilikuwa foleni ya mbavu. Ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mbwa wa namna hiyo bado wapo, na nitawasemea. Lakini leo nimeona Jamani shepedi mmoja kaingia anahema kama katoka Bagamoyo kwa miguu, kumbe anatoka nyumba ya tatu. Nimeona kijibwa cheupe kimebebwa mikononi, nikadhani kinaumwa mguu. Mwenyewe akaniambia, "Hapana dokta, anachoka tu." (Kicheko.) Simtaji. Mwenyewe yuko hapa, na anacheka kuliko wote.

Kwetu unene ni sifa. Mtu akirudi safari amejaa mashavu tunamwambia maisha yamemkubali. Mbwa akiwa kibonge tunasema anatunzwa, kwake kuna chakula. Na jirani mwenye mbwa mwembamba, hata kama yule mbwa ni mzima kama chuma, tunamnong'ona kwamba ni bahili. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nitawaeleza ya nyumbani kwangu kwanza, ili mtakaposikia ninawasema nyinyi mjue nimeanza na mimi.

Nina mbwa anaitwa Simba. Mchanganyiko, baba hatumjui, mama alikuwa mbwa wa kienyeji wa rangi ya mchanga. Mbwa wa umbo lake anapaswa kuwa na kilo kama 25. Siku moja naingia nyumbani jioni, nakuta Simba amesimama chini ya ngazi za baraza, ngazi tatu tu, anazitazama. Hapandi. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, wewe si daktari wa mbwa?" Nikambeba mpaka kwenye mizani. Kilo 34. Mimi ninayewaandikia watu kadi mjini hapa, mbwa wangu amezidi kilo tisa na sikuwa nimemwona. Unene hauingii na mlio. Unamwona kila siku, kila siku ni yule yule wa jana.

Nikamshuku mlinzi wetu wa usiku. Ni mzee wa heshima, tunamwita Babu, na nilimwendea kwa adabu. Nikamuuliza, "Babu, Simba unampa nini usiku?" Akasema, "Tonge moja tu la ugali wangu, dokta, tunakesha wote." Sasa utamlaumu vipi mtu kama huyo? Nikachukua daftari, nikalifunga kalamu kwa uzi, nikalitundika kwenye msumari wa jikoni. Nikasema kila anayempa mbwa kitu chochote, hata kipande cha mkate, aandike. Sikatazi, aandike tu. Wiki moja.

Mwisho wa wiki nikakaa na lile daftari. Bakuli lake la asubuhi nililokuwa nikilijua mimi lilikuwa gramu 200 za unga wa dona na konzi ya dagaa wakavu, gramu 80 hivi. Unga mkavu wa mahindi una kilokalori, yaani kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama 360 kwa gramu 100. Piga hesabu: unga 720, dagaa 250, jumla 970. Hapo hajakosea mtu. Sasa fungua ukurasa. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, kila asubuhi akinywa chai anampa chapati moja. Gramu 60 za unga wa ngano na kijiko kidogo cha mafuta, hiyo ni 250. Dada anayetusaidia kazi anakwangua ukoko wa wali wenye mafuta yake, 300. Mwanangu na biskuti zake akitoka shule, 100. Babu na lile tonge "moja tu". Nikamwomba siku moja anionyeshe ukubwa wake. Ndugu zangu, lile tonge lilikuwa la mtu anayelima. 360. Jumla Simba alikuwa anakula karibu 2,000, na mbwa aliyehasiwa wa kilo 25 anahitaji kama 1,300.

Katika watu watano wa nyumba yangu hakuna aliyemlisha kupita kiasi. Kila mmoja alimpa kidogo. Wahenga walishaliona hili, haba na haba hujaza kibaba, ila wao nadhani walikuwa wanasifia akiba.

Kwa hiyo mtu akija kwangu na mbwa mnene siku hizi simuulizi anakula nini. Namuuliza, huyu mbwa analishwa na watu wangapi? Watu hushtuka. Wanaanza kuhesabu kwa vidole: mimi, mke wangu, watoto, dada, kijana wa bustani, na yule mpangaji wa uani. Wanafika sita kabla hatujafika kwa jirani anayemtupia mifupa juu ya ukuta.

Sasa tuinue mikono. Wote, nisaidieni, hata wewe mwenyekiti. (Watu wanainua mikono.) Nyoosha mkono wa kushoto mbele, kiganja kitazame chini, vidole vimelegea. Kwa vidole vya mkono wa kulia pitisha juu ya mgongo wa mkono huo, pale kati ya vifundo na kifundo cha mkono. Unasikia mifupa? Huioni sana, lakini ukigusa kwa wepesi unaisikia, kuna ngozi laini juu yake. Mbavu za mbwa wako zikisikika hivyo, ni mzima. Sasa kunja ngumi, pitisha vidole juu ya vile vifundo vilivyochomoza. Zikiwa hivyo amekonda. Sasa geuza mkono, kiganja juu, bonyeza hapo chini ya vidole. Kuna mifupa humo, lakini mpaka uitafute. Zikiwa hivyo amezidi.

Hiki ndicho kipimo, na hakihitaji hospitali. Sisi madaktari tuna ngazi ya namba toka 1 mpaka 9, moja ni mifupa mitupu, tisa ni pipa, na mbwa mzuri yuko nne au tano. Lakini namba hizo zinatokana na vidole. Mkishamgusa mbavu, simama umtazame mgongo toka juu: baada ya mbavu kuwe na kiuno kinachoingia ndani. Kisha mtazame ubavuni: tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma, lisiwe sambamba na ardhi. Mbwa mwenye manyoya mengi usimwamini kwa macho kabisa. Wapo wenye manyoya kama zulia na chini yake mifupa, na wapo kinyume chake.

Kuna mzee hapa mbele amenitikisia kichwa toka nianze. Najua anachofikiri. Anafikiri, daktari, mbwa kuwa mnene kunadhuru nini? Hana kazi ya ofisini, hana presha, acha ale.

Mzee wangu, Marekani waliwahi kuchukua mbwa 48 aina ya Labrador, wakawapanga wawili wawili, ndugu wa tumbo moja. Katika kila jozi mmoja akapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, chakula kile kile, mfuko ule ule, toka wakiwa wadogo mpaka kufa. Majibu yalitoka mwaka 2002. Waliopunguziwa, wa katikati yao aliishi miaka 13. Wenzao miaka 11 na miezi miwili hivi. Karibu miaka miwili, kwa mnyama ambaye maisha yake yote ni hayo. Na wale walioshiba zaidi hawakuwa mapipa, walizidi tu kiasi, kama mbwa wengi waliosimama kwenye nyasi hizi. Maumivu ya viungo nayo yaliwapata mapema kuliko ndugu zao.

Viungo ndivyo ninavyoviona zaidi mezani kwangu. Goti la nyuma linakatika kano, mbwa wa miaka sita anatembea kama babu yangu. Na hapa Dar kuna jambo ambalo wenzetu wa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, hawalijui vizuri. Mbwa hatoi jasho la mwili kama sisi. Ana kidogo kwenye nyayo, basi. Joto lake analitoa kwa kuhema. Sasa mvalishe mtu koti la manyoya, chini yake mfunge blanketi la mafuta, mweke uani kwenye sakafu ya sementi mwezi wa pili saa nane mchana. Huyo ndiye mbwa wenu. Nimeshaletewa mbwa wa hivyo akiwa ameshaanguka, ulimi umekuwa wa zambarau, na si wote waliorudi nyumbani.

Turudi kwenye chakula. Wapo watakaosema kosa ni ugali, mbwa ni mnyama wa nyama. Hili linasemwa sana na vijana wanaofuga mbwa wa kisasa, na mara nyingi wanalisema mbele ya watu wasio na uwezo wa nyama hata kwa watoto wao, nami silipendi. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Uppsala, Sweden, walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu wale Waingereza wanaowaita "wolf". Wakakuta jeni, yaani kipande cha vinasaba, ya kuvunja wanga wa chakula, ambayo yule wa porini ana nakala mbili tu, mbwa wa nyumbani anazo nyingi, hata kumi na zaidi. Yaani huyu mnyama ameishi na mkulima muda mrefu mpaka tumbo lake likajifunza nafaka. Ugali haumdhuru. Ugali mtupu ndio unaomdhuru, kwa sababu anakosa protini ya kujenga misuli na madini, na ugali bila kipimo unamnenepesha huku ana njaa ya vitu vingine. Nimewahi kuona mbwa mnene mwenye manyoya yaliyokatika kama ufagio wa zamani.

Dagaa ni rafiki yenu mkubwa. Wana protini, na kwa kuwa wanaliwa wazima na mifupa yao, wana madini ya chokaa. Wakiwa wa chumvi, waloweke na umwage maji. Utumbo, firigisi, mapupu, vyote vinafaa, lakini chemsha. Mapupu na maini mabichi ya machinjioni yanaweza kuwa na uvimbe wenye minyoo tegu michanga inayokwenda kukua kwa mbwa, kisha mayai yake yanatoka kwa mbwa na kuingia kwa mtoto anayemkumbatia, yakamjengea mtoto uvimbe wa maji kwenye ini. Kule Turkana, Kenya, ugonjwa huo umewatesa watu kwa miaka mingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama sindano. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu yake, kwa hiyo mchuzi wa jana si wake. Zabibu na chokoleti nazo hapana.

Na tafadhali, mtu akisikia "punguza chakula" asielewe "mpe kibaya". Kuna tabia ya kumpelekea mbwa unga ulioota ukungu, pumba iliyonyeshewa, mahindi ambayo sisi tumeyakataa. Sumukuvu, sumu itokayo kwenye ukungu, haichagui. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 waliokula mahindi yaliyooza ghalani, na mbwa ni dhaifu zaidi yetu mbele ya sumu hiyo. Ini linakufa, macho yanakuwa ya njano, na mimi sina dawa ya kurudisha ini.

Kipimo sasa. Hesabu yenyewe ni rahisi, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua kilo ambazo mbwa wako anapaswa kuwa nazo. Sikusema alizonazo. Zidisha kwa 30, jumlisha 70. Mbwa anayetakiwa kuwa na kilo 20: 600 na 70, ni kilokalori 670. Hizo ndizo anazotumia akiwa amelala tu kwa siku. Kama ni mtu mzima aliyehasiwa na uzito wake uko sawa, zidisha kwa 1.6, utapata kama 1,070. Kama hajahasiwa, 1.8. Kama unataka apungue, mpe zile 670 bila kuzidisha, na umwone daktari kwanza, hasa akiwa mzee au ana ugonjwa. Namba hizi ni mahali pa kuanzia. Mbwa wawili wenye kilo sawa, nyumba moja, mmoja atanenepa na mwingine hapana. Mizani ndiyo itakayokuambia uongeze au upunguze.

Wanaonunua chakula cha mfuko, nyuma kuna jedwali. Angalieni mstari wa uzito anaopaswa kuwa nao, na anzeni na namba ya chini, maana majedwali hayo mara nyingi ni ya mkono mkunjufu. Na pimeni kwa gramu. Kikombe cha mke wangu na kikombe changu vina ukubwa mmoja, lakini vikijazwa havijai sawa.

Kuna jambo watu wengi hatuwaambii wakija kuhasi, na kosa ni letu sisi madaktari. Mbwa akishahasiwa, au jike akitolewa kizazi, mahitaji yake yanashuka, mara nyingi kwa robo hivi, wakati hamu ya chakula inapanda. Watu wanasema "tangu ahasiwe amenenepa" kana kwamba kisu ndicho kilichomnenepesha. Bakuli lilibaki lile lile. Siku ile ile ya kutoa nyuzi, punguza.

Mama mmoja hapo ameuliza kwa sauti ya chini, nitamrudia kwa sauti ya juu. Anasema, wake kila wakati ana njaa, anamtazama mpaka anaona haya kula. Mama, mbwa wako ni wa aina gani? (Anajibu: Labrador.) Basi sikiliza, hii ni ya kwako. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kipande kilichokatika kwenye jeni moja inayoitwa POMC. Jeni hiyo ndiyo inayosaidia kuupa ubongo habari kwamba tumbo limeshiba. Kwake ile habari haifiki. Mwaka 2024 wakaongeza kwamba mbwa hao hao wakipumzika wanatumia nguvu pungufu kwa robo kuliko wenzao. Ana njaa zaidi na anahitaji kidogo zaidi, vyote kwa pamoja. Sijui kama wako ni mmoja wao, lakini anapokutazama vile huenda hakudanganyi. Njaa anayo. Chakula ndicho asichokihitaji.

Kwa mbwa kama huyo tunajaza tumbo kwa vitu vyepesi. Boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari, maharage machanga, karoti, mchicha kidogo. Chakula chake cha siku kigawe mara tatu badala ya mara moja. Kimwage kwenye sinia pana au kitawanye kwenye nyasi safi akitafute kwa pua. Anayekula dakika moja ameshamaliza na anakutazama tena. Anayekula dakika ishirini angalau amekuachia nafasi ya kula wali wako.

Na kama mbwa anapewa kidogo kweli, mmepima kweli, daftari limeandikwa kweli, na bado ananenepa, manyoya yanapukutika, analala kutwa, mleteni. Kuna tezi ya shingoni inayoweza kulegea. Ila nimeshapima wengi waliodaiwa "hali kitu", na daftari lilikuwa na majibu kabla ya damu.

Nilisema nitawasemea wembamba. Kuna imani mtaani kwamba mbwa akishiba halindi. Anashindishwa na njaa ili awe mkali, wengine wanamtia na pilipili. Mwizi wa mji huu anazijua nyumba hizo. Anakuja na kipande cha nyama mfukoni, na mbwa mwenye njaa ya siku mbili ataipokea nyama kabla hajabweka. Lakini na yule kibonge, akisikia ukuta unaparuzwa, akishamaliza kuinuka mwizi ameshaondoka na televisheni. Mbwa akikonda wakati anakula vizuri, fikirieni minyoo kwanza. Jike anayenyonyesha msimpimie kabisa, anaweza kuhitaji mara tatu ya kawaida yake, mwacheni ale. Na watoto wa mbwa wakubwa, Jamani shepedi na Rottweiler, msiwaharakishe. Wengi wanajaza bakuli ili akue haraka, wamwonyeshe rafiki. Mwili unakua kabla ya mifupa, nyonga zinaharibika. Kosa jingine ni nyama tupu isiyo na mifupa wala dagaa, miguu ikapinda kama upinde.

Mazoezi, ndiyo, mtembezeni, asubuhi kabla ya jua. Lakini msitegemee miguu kufuta makosa ya jiko. Mbwa wa kilo 25 akitembea kilomita mbili ametumia kilokalori kama 50 za ziada. Robo ya chapati haifiki.

Kuhusu Simba, maana naona mnataka kujua. Mkutano tulifanya mezani kwangu, wote watano. Tukakubaliana mkono wa kumlisha uwe mmoja, na tukamchagua mwanangu wa miaka 12, kwa sababu ndiye pekee asiyeona haya kumwambia bibi yake hapana. Tukachukua kopo tupu la maziwa ya unga, dada yake akachora mstari kwa rangi ya kucha, nyekundu. Chakula hakivuki mstari. Babu alikubali upesi, tena alisema amefurahi, ugali wake ulikuwa haumtoshi. (Kicheko.) Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Aliniambia, "Baba, huyu kiumbe ananitazama, nami Mungu ananiona." Mama ni mtu wa dini, kwake mbwa haingii ndani na mate yake yana masharti ya kuosha, lakini anakikumbuka kile kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Ningejibu nini? Nikamwambia, mama, sikukatazi kumpa, badilisha unachompa. Tukamwekea vipande vya karoti kwenye kibakuli pembeni ya birika, vimetolewa kwenye fungu la siku la mbwa. Simba alipokea karoti kwa furaha ile ile ya chapati, anacheza mkia mpaka kiuno. Aliyeshangaa ni mama.

Ilichukua miezi minane. Mbwa apunguzwe polepole, asilimia moja, mbili ikizidi, ya uzito wake kwa wiki. Kwa Simba ilikuwa gramu 300 na kitu. Kuna wiki haikushuka kabisa. Idi ilitupandisha nusu kilo nzima, na afadhali ilikuwa nusu kilo tu, kwa sababu siku za pili za Idi na Krismasi ndizo ninazopokea mbwa waliolishwa mafuta ya nyama mpaka kongosho limevimba, wanatapika na kujikunja. Mwezi wa sita wa kazi hiyo nikamkuta barazani. Sikuwepo alipopanda ngazi, kwa hiyo siwezi kuwasimulia alivyopanda.

Sasa naona sindano ziko tayari, wenzangu wananionyesha saa. Mizani niliyoazima kwa mwenye duka la nafaka iko pale chini ya mwembe, tumeiwekea ubao wa kusimamia. Kabla ya chanjo kila mbwa apite hapo, kilo ziandikwe nyuma ya kadi. Vidogo, mwenye navyo apande amevikumbatia, kisha apande peke yake, tutatoa. Mwenye mbwa mkali asubiri mwisho, na amfunge mdomo kwa kitambaa, msione haya. Madaftari ya shule ya zamani nimewawekea watoto, kila mmoja achukue moja lenye kurasa tupu, na uzi wa kufungia kalamu.

Tuanze. Mzee, mlete Jamani shepedi. Taratibu, asivutwe, aache apande mwenyewe. Mguu wa nyuma bado. Haya. Andika 46.

Mzee wangu, kabla hujaenda kwenye sindano: nyumbani mko wangapi?